Kufunga trela ya kambi kabla hujaiacha uende matembezini

Trela iliyoshikana na gari ni sehemu ya gari. Ukiifungua ukaiacha kambini uende kutazama twiga, inageuka mkokoteni. Yeyote mwenye pikapu yenye tufe la chuma la kuvutia trela, la milimita 50, anaweza kurudi kinyumenyume, kuishikisha na kuondoka nayo kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Haina injini ya kuwasha wala usukani wa kufunga.

Sisi wa Nairobi tumezoea kulinda gari. Tunachonga namba ya usajili kwenye saidimira na taa, tunaweka nati zenye ufunguo kwenye rimu, hatuachi mkoba juu ya kiti tukiwa kwenye foleni. Trela yenye friji, betri, jiko na matandiko ya familia nzima tunaiacha chini ya mgunga na kufuli dogo la dukani.

Nilijifunza hili karibu na Ziwa Naivasha. Tuliondoka saa moja asubuhi, tukarudi saa kumi na moja jioni. Trela ilikuwepo, kichwa chake, yaani kile kikombe cha mbele kinachokaa juu ya tufe la gari, kimefungwa vilevile nilivyokiacha. Sanduku la mbele lilikuwa wazi. Betri ya lithiamu ilikuwa imekwenda, mtungi wa gesi wa kilo 6 pia, pamoja na paneli ya sola niliyokuwa nimeitandaza juani ili ichaji tukiwa matembezini. Mlinzi wa kambi, mzee mtaratibu, alizunguka trela mara mbili kisha akaniambia, "Mwanangu, umefunga chuma ukaacha mali." Tangu siku hiyo nafunga vyote viwili, na hizi ndizo hatua ninazofuata.

Kwanza jiulize: lazima uifungue?

Siku ambayo si lazima, usiifungue. Hifadhi ya Hell's Gate, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68, ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambamo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli au kwa miguu. Ukipiga kambi upande wa ziwa, unaweza kukodi baiskeli na kuiacha gari palepale, imeshikana na trela, milango imefungwa na king'ora chake kimewashwa. Mwizi sasa ana tani mbili za kushindana nazo badala ya nusu tani. Hata hivyo tia kufuli kwenye mkono wa kufungulia kichwa na kwenye pini inayoshikilia tufe nyuma ya gari, maana bila hayo trela hutenganishwa na gari kwa kuinua mkono mmoja tu.

Safari nyingine hazikupi nafasi hiyo. Tsavo hutaimaliza kwa baiskeli. Hapo ndipo hatua zinazofuata zina kazi.

Hatua ya 1: kazi ya nyumbani, wiki moja kabla

Trela zilizosajiliwa Kenya hubeba namba inayoanza na Z, na kila moja ina namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Bati la namba hung'olewa kwa bisibisi, na namba ya chesisi husagwa kwa grainda. Kwa hiyo mwambie fundi wa chuma akugongee namba hiyohiyo mahali pengine patatu pasipoonekana upesi: ndani ya sanduku, upande wa chini wa ekseli, nyuma ya droo ya jiko. Wewe peke yako ndiye ujue ziko wapi. Kisha andika namba ya usajili juu ya paa kwa rangi ya kukoza, herufi za urefu wa mkono. Trela ikipakwa rangi mpya ubavuni, paa husahaulika, na mtu aliyesimama kwenye kivuko cha juu cha Thika Road anasoma paa vizuri kuliko bati.

Piga picha: trela pande zote nne, namba ya chesisi, alama zako za siri, mikwaruzo inayoitambulisha, na namba za mfululizo za friji, betri na paneli. Zihifadhi kwenye simu na mahali pengine nje ya simu. Nakala ya kitabu cha umiliki isikae ndani ya trela. Na kama ulinunua trela kwa mtu, hakikisha umiliki umehamishwa kwa jina lako kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wengi wetu tunanunua, tunapeana mikono, tunaahidi kuhamisha "mwezi ujao", kisha siku ya wizi tunasimama kituoni bila karatasi ya kuonyesha kwamba kitu ni chetu.

Bima nayo isomwe kabla. Usidhani bima ya gari inaifuata trela ikiwa peke yake. Muulize wakala wako maswali matatu na umwombe akujibu kwa maandishi: je, trela inalindwa dhidi ya wizi ikiwa haijashikana na gari? Je, vilivyomo vinalindwa? Na je, kuna aina ya kufuli wanayoitaka kabla ya kulipa?

Hatua ya 2: pa kuegesha

Usichague kona ya mbali kwa sababu ni tulivu. Utulivu huo mwizi naye anautafuta. Kaa panapoonekana kutoka geti, jikoni au bafu la kambi, mahali watu wanapopita mara kwa mara.

Kisha geuza kichwa cha trela kielekee kizuizi: mti mkubwa, jiwe, ukuta, au hata trela ya mwenzako. Trela nyepesi watu watatu wanaigeuza kwa kigurudumu cha mbele kwenye ardhi tambarare. Iliyo nzito ipindishe kadiri uwezavyo ukiwa bado na gari, ndipo uifungue. Lengo ni kwamba gari jingine lisiweze kuingia moja kwa moja na kushika kichwa. Kabla ya kuifungua weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu na uvute breki ya mkono.

Ukishaisimamisha kwa miguu yake, ng'oa kigurudumu cha mbele ukiweke garini, pamoja na mpini wa kuzungushia miguu. Bila kigurudumu hicho, kuinua mkono wa trela iliyopakiwa na kuulenga kwenye tufe la gari geni ni kazi ya wanaume kadhaa.

Hatua ya 3: kichwa

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kuna makufuli ya aina mbili, na kwa mbali yanafanana.

La kwanza ni lile la kupitisha kwenye mkono wa kufungulia. Linazuia mkono usiinuke, basi. Kama trela imeshikana na gari, linatosha. Lakini trela ikiwa imefunguliwa, kikombe cha kichwa kiko tupu: mtu anaweza kukikalisha juu ya tufe dogo zaidi, akakifunga kwa cheni au hata kamba nene, akaivuta polepole hadi barabarani. Kufuli lako litasafiri na trela likiwa zima.

La pili hujaza kikombe chenyewe. Lina tufe au kizibo kinachoingia ndani kutoka chini, na mwili wa chuma unaokumbatia kichwa chote kutoka nje. Hakuna tufe linaloweza kuingia palipojaa. Hili ndilo la kununua. Kabla ya kulipa, pima kichwa chako. Trela nyingi hapa zinatumia tufe la milimita 50, lakini zipo zilizotengenezwa kwa vipimo vya inchi, na kufuli linalocheza kidogo ndilo hupigwa nyundo likapasuka. Nenda nalo hadi kwenye trela, lijaribu, litikise. Likitikisika, rudisha.

Jambo la pili kwenye kichwa ni bolti zake. Kichwa kimefungwa kwenye mkono wa trela kwa bolti mbili au nne za kawaida, nati zikiwa chini, wazi kabisa. Mwizi mwenye spana hana haja ya kugusa kufuli lako: anakifungua kichwa chote, anakitupa, anafunga chake. Kuna mwili wa kufuli unaofunika bolti hizo. Kama lako halifanyi hivyo, mpelekee fundi akuwekee nati za kukatika, zile ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa na kubaki duara lisiloshikwa na spana. Kuchomelea nati moja kwa moja kunawezekana pia, ingawa mimi sipendi, kwa sababu kichwa kikichakaa utakikata kwa grainda, na joto la kuchomelea karibu na kichwa si jambo la kumwachia fundi wa kubahatisha.

Tatu, cheni za usalama zinazoning'inia mbele. Hizo zenyewe hutumika kuivutia trela. Zikunje, zitie kufuli zisifike popote, au zitoe kama zinatoka.

Usiweke mafuta mazito ndani ya tundu la ufunguo. Vumbi la Magadi Road likikutana na grisi linakuwa udongo, na utajikuta umejifungia nje ya trela yako mwenyewe. Tumia unga wa grafaiti au silikoni ya kupuliza, na uwe na kifuniko cha tundu.

Hatua ya 4: magurudumu

Kichwa kikiwa kimezuiwa, kinachobaki ni kuinyanyua trela au kuiburuta. Funga angalau gurudumu moja kwa klempu, kama ile ambayo kanjo, askari wa kaunti, hukufungia mjini usipolipa maegesho. Chagua inayofunika nati za gurudumu. Isiyozifunika ni mapambo, kwa sababu gurudumu litavuliwa pamoja na klempu yake na kuwekwa spea, na spea mara nyingi umewabebea wewe mwenyewe nyuma ya trela. Kwa hiyo spea nayo itiwe kufuli, na kila gurudumu liwe na nati moja yenye ufunguo wake.

Cheni ni nyongeza nzuri ukiijua. Ile nyembamba ya milimita 6 au 8 inayouzwa kwa mita hukatwa na mkasi mkubwa wa chuma mara moja. Tafuta iliyoimarishwa kwa moto, ya milimita 13, yenye pete za pembe badala ya mviringo ili mkasi uteleze. Ipitishe kwenye rimu, izungushe ekseli au chesisi, irudi. Kisha angalia ilivyokaa: isilale chini. Kufuli linalogusa ardhi hupigwa nyundo juu ya jiwe, na cheni iliyolala humpa mtu pa kuegemeza mkono wa mkasi na kuukandamiza kwa uzito wa mwili wote. Iinue, ikaze, kufuli litazame ndani.

Ukitaka kuifunga kwenye mti, weka gunia au mkanda mpana kati ya cheni na gome, na ndani ya hifadhi muulize askari kwanza. Mti uliochunwa gome hufa pole pole, na ukiuua umenyima kivuli kila atakayekuja baada yako.

Hakuna cheni inayoishinda grainda ya betri. Lakini grainda inalia na kutoa cheche, na mchana kambini sauti ile inageuza vichwa vyote. Ndiyo sababu nilisema usiende kona ya mbali.

Hatua ya 5: vilivyomo

Kwa niliyoyaona mwenyewe na kwa wenzangu ninaosafiri nao, huku ndiko hasara hutokea. Trela nzima inahitaji gari na barabara. Betri inahitaji mikono miwili.

Anza na betri hasa. Zamani betri ya risasi ya ampea-saa 100 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30, nayo ilijilinda kwa uzito. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ina kilo 11 hadi 13 na bei yake ni ya kutamanisha. Mtoto wa darasa la nane anaibeba. Ishikize kwa mkanda wa chuma unaopita juu yake, bolti zikiingia kwenye chesisi, vichwa vya bolti viwe vya umbo lisilo la kawaida. Sanduku liwe la chuma chenye bawaba zilizofichwa ndani, kwa maana sanduku nililoibiwa halikuvunjwa kufuli: pini za bawaba zilisukumwa nje kwa msumari. Mafundi wa Kamukunji wanatengeneza masanduku mazuri, lakini lazima uwaambie kabla hawajakata bati kwamba unataka bawaba za ndani na mdomo unaoingiliana, ili bisibisi isipate pa kupenya.

Paneli ya kukunja usiiache juani ukiwa hupo. Bora betri ishuke kuliko kuikosa paneli. Ile ya kudumu juu ya paa ina faida hii: unaweza kuifunga kwa bolti za aina hiyohiyo na kuisahau.

Mtungi wa gesi, wa kilo 6 au 13, una shingo yenye matundu. Pitisha kebo ya chuma na kufuli. Jerikeni za mafuta zibebe. Friji ya kubebeka ihamishie garini, utakunywa maji baridi njiani. Kompyuta, kamera, darubini, pasipoti na dawa za kila siku visibaki kabisa, hata kwa saa moja. Dawa nazitaja kwa makusudi. Betri utanunua nyingine, lakini mgonjwa wa pumu aliyeibiwa mkoba wenye dawa yake usiku ukiwa unaingia hawezi kusubiri duka la dawa lifunguliwe mjini.

Funga mapazia yote. Ndani pasionekane, hata kama hamna kitu, maana dirisha haligharimu kidogo kulirekebisha. Zipu za hema ziunganishe kwa klipu, kwa sababu ya mwizi mwingine: nyani na tumbili. Kambi za Hell's Gate hazina ua kati yako nao, na wanafahamu vizuri sauti ya gari linaloondoka. Chakula chote kiingie kwenye sanduku gumu au kiende nawe. Nyani akishapasua hema kutafuta ndizi, binadamu anayepita naye anaona mlango.

Hatua ya 6: kifaa cha kufuatilia

Vifaa vya GPS vinauzwa kwa wingi Luthuli Avenue. Mimi ninatumia viwili. Kimoja kimeunganishwa na betri ya trela na kina betri yake ndogo ya akiba. Kingine kinajitegemea kabisa na kimefichwa kwingine, kwa kuwa jambo la kwanza mwizi anayejua kazi hufanya ni kukata nyaya za betri. Usifiche ndani ya bomba la chuma, chuma huziba mawimbi. Chini ya mbao, nyuma ya plastiki, ndani ya godoro au paa la faiba ni pazuri.

Weka mpaka kwenye ramani ili simu yako iarifiwe trela ikisogea mita mia. Hakikisha laini ya kifaa ina salio na inatumika, kwa kuwa laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa. Na ukumbuke kwamba pasipo mtandao kifaa hakina wa kumwambia. Vizuri ni vile vinavyohifadhi njia na kuituma yote mtandao ukirudi. Vile vitufe vidogo vinavyotegemea simu za watu waliopita karibu ni msaada Nairobi, ambako simu zimejaa, lakini porini havina simu za kukutana nazo.

King'ora cha mtikisiko ni rahisi na kinafaa. Kijaribu kwanza usiku wa upepo, la sivyo kitalia ovyo hadi majirani wazoee kukipuuza.

Hatua ya 7: watu

Ningeambiwa nichague kinga moja tu kati ya zote nilizoandika, ningechagua hii. Ukifika kambini, kabla hujashusha hema, nenda kwa mlinzi umsalimie vizuri, umuulize hali, ujitambulishe. Muulize zamu zinabadilika saa ngapi. Mwachie namba yako ya simu na uchukue yake. Mwambie wazi: "Mzee, trela hii haitasogezwa na mtu yeyote ila mimi. Akija mtu kusema nimemtuma, nipigie." Mwizi mahiri havunji kitu mbele ya watu, huja na ovaroli na kusema yeye ni fundi aliyetumwa kuichukua. Sentensi hiyo moja humfungia njia.

Salimia na majirani. Familia iliyo hatua thelathini kutoka kwako, ukiipelekea kikombe cha chai jioni, kesho itatazama trela yako bila kuombwa. Kwenye kambi za jamii lipa kijana wa pale akae karibu, mkubaliane kiasi mapema, nusu sasa na nusu ukirudi.

Acha dalili za uhai: kanga juu ya kamba, malapa mlangoni, viti viwili vya bei nafuu. Usimweleze kila mtu unakokwenda na saa ya kurudi, na picha za mtandaoni zisubiri mpaka ufike nyumbani.

Ukikuta imeibiwa

Usikimbize mwenyewe, hata kama simu inakuonyesha nukta inayosogea. Piga 999 au 112, wape polisi mahali ilipo na uendelee kuwapa. Usiguse vilivyobaki. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na kambi, wala usingoje ufike Nairobi, ripoti iandikwe na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha uombe abstrakti, hati ya polisi inayothibitisha ripoti yako. Bima hawatakusikiliza bila hiyo. Wape picha na zile alama tatu za siri. Mjulishe wakala wa bima siku hiyohiyo.

Ukikuta iko salama

Klempu na cheni zitoe kabla ya kushikisha gari. Mimi hufunga utepe mwekundu kwenye usukani ninapoziweka, na siwashi gari kabla sijaufungua, kwa sababu kuanza safari na klempu kwenye gurudumu kunaharibu rimu na fenda kwa mzunguko mmoja.

Halafu chukua spana upime kila nati ya gurudumu, hata kama kila kitu kinaonekana kilivyokuwa. Mwizi aliyekatizwa katikati ya kazi huondoka akiwa amelegeza nati mbili au tatu, na hutalijua hilo mpaka uko kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Kaza zote, shika barabara, simama baada ya kilomita 50 uzipime tena.